Majaji Wanaopigiwa Kura: Kinachowasumbua Hasa Majaji wa Majimbo ya Marekani

Tarehe 1 Aprili 2025 wapiga kura wa Wisconsin, jimbo lililo kaskazini mwa Marekani, walimchagua Susan Crawford kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo lao, naye akamshinda mpinzani wake, Brad Schimel, kwa tofauti ya takriban asilimia kumi ya kura. Habari hiyo ingepita kimya, kama zinavyopita habari nyingi za majimbo ya mbali, lau si Elon Musk, ambaye siku mbili kabla ya uchaguzi alipanda jukwaani mjini Green Bay akiwa amevaa kofia yenye umbo la kipande cha jibini na kukabidhi hundi mbili, kila moja ya dola milioni moja. Picha hizo zilienea duniani, na pamoja nazo ukaenea mkanganyiko. Wapo walioamini kwamba Wamarekani walikuwa wanamchagua jaji wa ile mahakama ya Washington inayoamua mashauri ya marais. Wengine waliuliza swali gumu zaidi: jaji anafanyaje kampeni, anaahidi nini, na anayepokea fedha za kampeni leo atamhukumuje aliyezitoa kesho?

Maswali hayo yana majibu, lakini majibu yenyewe hayaeleweki bila kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo vyombo vingi vya habari huvichanganya.

Marekani ina mifumo miwili ya mahakama inayokwenda sambamba. Mmoja ni wa shirikisho, na juu yake ipo Mahakama ya Juu ya Marekani yenye majaji tisa, ambao huteuliwa na rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kitini mpaka wafe, wajiuzulu au waondolewe na Bunge kwa makosa makubwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupigiwa kura na wananchi. Mfumo wa pili ni wa majimbo. Kila moja kati ya majimbo 50 lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama zake, na ni katika mahakama hizo za majimbo ndimo zinamosikilizwa kesi nyingi mno, zaidi ya asilimia 90 ya kesi zote za nchi: mauaji, wizi, talaka, mirathi, migogoro ya ardhi, mikataba, ajali za barabarani. Juu ya mahakama za kila jimbo ipo mahakama ya mwisho, na neno lake kuhusu maana ya sheria na katiba ya jimbo hilo haliwezi kutenguliwa hata na Washington, isipokuwa pale sheria au Katiba ya shirikisho inapoguswa.

Majina ya mahakama hizo nayo yanapotosha. Katika jimbo la New York chombo kinachoitwa Mahakama ya Juu ni mahakama ya kusikiliza kesi kwa mara ya kwanza, na ya mwisho kabisa huitwa Mahakama ya Rufani, jambo ambalo halitamshangaza Mtanzania. Texas ina mahakama mbili za mwisho, moja ya madai na nyingine ya jinai, kila moja na majaji tisa. Msomaji asiangalie jina, aangalie ni nani mwenye neno la mwisho.

Sasa, nani huwaweka majaji hao? Katika majimbo 38 kati ya 50, jaji wa mahakama ya mwisho hulazimika wakati fulani kukutana na wapiga kura. Idadi hiyo kubwa imewafanya watu wadhani kwamba nchi nzima inafuata utaratibu mmoja, ilhali taratibu zinatofautiana sana. Texas, Alabama na Louisiana wagombea ujaji husimama kwa tiketi ya chama, kama wabunge, na Carolina Kaskazini ilirudi kwenye njia hiyo mwaka 2018 baada ya kuiacha kwa miaka kadhaa. Wisconsin, Minnesota, Georgia na jimbo la Washington (si mji mkuu) karatasi ya kura haina jina la chama. California, Iowa na Missouri hakuna mpinzani kabisa: jaji huteuliwa na gavana, na baada ya muda jina lake huwekwa peke yake mbele ya wapiga kura, nao hujibu ndiyo au hapana, abaki au aondoke. Pennsylvania imechanganya yote mawili, kwani mara ya kwanza jaji hushindana kwa tiketi ya chama, kisha kila baada ya miaka kumi huulizwa wananchi kama abaki. Virginia na Carolina Kusini wanaochagua ni wabunge. New Jersey na Massachusetts ni gavana kwa idhini ya chombo kingine, na wananchi hawaulizwi chochote.

Hata pale penye ushindani kamili, mara nyingi uchaguzi huwa ni wa jina tu. Jaji hustaafu kabla muhula wake haujaisha, gavana hujaza nafasi, na anayefuata husimama kwenye uchaguzi akiwa tayari amekalia kiti, aghalabu bila mpinzani wa maana. Minnesota ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miongo mingi, na kisa cha Alan Page kinaonyesha desturi hiyo ilivyokuwa imeota mizizi. Page alikuwa mchezaji maarufu wa timu ya Minnesota Vikings kabla ya kujikita katika sheria. Mwaka 1992 alitaka kugombea kiti cha jaji ambaye muhula wake ulikuwa unakwisha, lakini gavana akauongeza muhula huo, na hivyo uchaguzi ukafutika. Page alikwenda mahakamani, akashinda mbele ya jopo la majaji wa muda, akagombea, akachaguliwa, na akawa jaji wa kwanza mweusi katika mahakama hiyo, ambako alikaa hadi mwaka 2015. Yaani ilimbidi kushtaki ili uchaguzi ambao katiba ya jimbo ilikuwa imeuahidi ufanyike.

Uzushi mmoja unaojirudia ni kwamba kuchagua majaji ni ubunifu wa wanasiasa wa leo wanaotaka mahakama zipigie magoti umati. Historia inasema vingine. Majimbo 13 ya mwanzo hayakuwa na utaratibu huo. Majaji wao waliteuliwa na magavana au mabunge. Mississippi ndiyo iliyokuwa ya kwanza, mwaka 1832, kuamua kwamba majaji wake wote wachaguliwe na wananchi, na New York ilipoandika katiba mpya mwaka 1846 wimbi likashika kasi, majimbo mengi yakafuata katika miaka michache. Kilichokuwa kimetokea katikati ni mgogoro wa fedha ulioanza mwaka 1837. Mabunge ya majimbo yalikuwa yamekopa fedha nyingi kwa ajili ya mifereji, reli na mabenki, kisha miradi ikaanguka na wananchi wakabaki na madeni. Watu walijiuliza mahakama zilikuwa wapi wakati mabunge yanavunja mipaka ya katiba, na jibu lilikuwa kwamba majaji walikuwa wamewekwa na watu walewale waliopaswa kudhibitiwa. Wanasheria wengi waliotetea kura ya wananchi walitaka majaji wawe na nguvu yao wenyewe, ili waweze kumwambia gavana na spika hapana bila kuogopa. Kura, kwa maoni yao, ilikuwa silaha ya uhuru wa mahakama.

Ilichukua miongo kadhaa kabla ya silaha hiyo kuonyesha makali yake ya upande wa pili. Vyama vya siasa vilishika uteuzi wa wagombea, na mtu asiyependwa na viongozi wa chama hakuweza kupita. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya majimbo yaliondoa majina ya vyama kwenye karatasi. Missouri, ambako mwanasiasa Tom Pendergast wa Kansas City alikuwa ameshika nyadhifa za umma kama mali yake mpaka alipofungwa kwa kukwepa kodi mwaka 1939, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1940 wapiga kura wake walipitisha utaratibu mpya: kamati huchuja waombaji, gavana humteua mmoja kati ya wachache waliopendekezwa, na wananchi huja baadaye kusema abaki au aondoke.

Kansas iliiga mfano huo kwa sababu ya kisa ambacho mtu akisimuliwa hudhani ni mchezo wa kuigiza. Mwaka 1956 gavana wake, Fred Hall wa chama cha Republican, alishindwa ndani ya chama chake mwenyewe, na Novemba kiti kikachukuliwa na George Docking wa chama cha Democratic. Jaji Mkuu wa jimbo, William Smith, alikuwa mgonjwa na alitaka kustaafu, lakini hakutaka Docking ndiye ajaze nafasi yake. Basi Smith akajiuzulu siku ya mwisho ya mwaka. Siku tatu baadaye Hall naye akajiuzulu ugavana. Naibu wake, John McCuish, akawa gavana kwa siku 11, na katika siku hizo akamteua Hall kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Wananchi walikasirika, na mwaka 1958 wakabadilisha katiba. Inafaa kukumbuka kwamba wakati mchezo huo unachezwa, majaji wa Kansas walikuwa ni wa kuchaguliwa. Uchaguzi haukuuzuia, kwa sababu mlango uliotumika ulikuwa ule wa gavana kujaza nafasi iliyoachwa wazi katikati ya muhula.

Turudi kwenye fedha, kwa kuwa ndizo zilizowafanya watu wengi wafuatilie uchaguzi wa Wisconsin. Makadirio ya waliofuatilia kampeni hiyo yalifikia takriban dola milioni 100, kiasi ambacho hakijawahi kutumika katika uchaguzi wa jaji nchini humo. Musk na makundi yaliyofungamana naye walitumia zaidi ya dola milioni 20 kumsaidia Schimel. Upande wa Crawford haukuwa maskini pia: matajiri kama George Soros na gavana wa Illinois, JB Pritzker, walipitishia fedha zao katika chama cha Democratic cha jimbo, ambacho kwa mujibu wa sheria za Wisconsin kinaweza kumpa mgombea fedha bila kikomo. Hapo ndipo unapoona thamani halisi ya karatasi isiyo na jina la chama. Mpiga kura wa Wisconsin aliyesikiliza redio au kutazama televisheni wiki moja tu hakuwa na shaka yoyote nani ni mgombea wa nani.

Kwa nini kiti kimoja kiwe na bei hiyo? Mahakama hiyo ina majaji saba wenye mihula ya miaka kumi, na katiba ya jimbo hairuhusu zaidi ya kiti kimoja kugombewa katika mwaka mmoja. Uchaguzi wa 2025 ulifanyika kwa sababu jaji Ann Walsh Bradley alikuwa anastaafu baada ya miaka 30, na mahakama ilikuwa imegawanyika majaji wanne wa mrengo wa kiliberali kwa watatu wa mrengo wa kihafidhina. Miaka miwili kabla, ushindi wa Janet Protasiewicz ulikuwa umeugeuza wingi huo, na kabla mwaka haujaisha mahakama ikaifuta ramani ya majimbo ya uchaguzi wa bunge la Wisconsin. Julai 2025, kwa kura nne dhidi ya tatu, ikatamka kwamba sheria ya mwaka 1849 iliyokuwa ikitumiwa kuzuia utoaji mimba haikuwa na nguvu tena. Mambo makubwa namna hiyo yanapoamuliwa kwa tofauti ya mtu mmoja, na mtu huyo anapatikana kwa kura ya siku moja, fedha hazikosi njia ya kufika hapo.

Je, mtoa fedha anaweza kununua hukumu? Kesi inayojadiliwa zaidi inatoka West Virginia. Mwaka 2002 baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, liliiamuru kampuni ya makaa ya mawe ya A.T. Massey kumlipa mfanyabiashara Hugh Caperton na kampuni zake dola milioni 50. Wakati rufaa bado inasubiriwa, mkuu wa Massey, Don Blankenship, alitumia dola milioni tatu za mfukoni mwake kumsaidia Brent Benjamin kumng'oa jaji aliyekuwapo katika uchaguzi wa 2004. Fedha hizo zilizidi za wafuasi wengine wote wa Benjamin zikijumlishwa. Rufaa ilipofika, Benjamin aliombwa ajitoe, akakataa, na hukumu ile ikafutwa kwa kura tatu dhidi ya mbili, yake ikiwa mojawapo ya hizo tatu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba Benjamin alipaswa kujitoa. Haikusema kwamba alihongwa. Ilisema kwamba mtu wa kawaida angeuona uwezekano wa upendeleo kuwa mkubwa mno kuvumilika. Kesi ilirudi West Virginia, ikasikilizwa upya bila Benjamin, na Massey ikashinda tena, safari hii kwa kura nne dhidi ya moja. Watetezi wa uchaguzi hupenda kukitaja kipande hicho cha mwisho, na wana haki: si kila jaji aliyesaidiwa huamua kwa sababu ya msaada. Lakini Caperton hakuwa na njia ya kulijua hilo siku aliposimama mbele ya mtu aliyewekwa pale kwa fedha za mpinzani wake. Na tatizo halijatatuliwa, kwa kuwa katika majimbo mengi anayeamua kama jaji ajitoe ni jaji mwenyewe, na Wisconsin mwaka 2010 ilipitisha kanuni inayosema kwamba mchango wa kampeni peke yake si sababu ya kumtaka ajitoe.

Kuna sheria zinazojaribu kupunguza aibu hiyo, nyingine zikiwa za kuchekesha kidogo. Majimbo kadhaa, Florida ikiwamo, humkataza mgombea ujaji kuomba michango kwa kinywa au barua yake mwenyewe, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali katazo hilo. Kamati yake ya kampeni, hata hivyo, inaruhusiwa kuomba, na mgombea anaruhusiwa kumjua aliyetoa na kumwandikia barua ya shukrani. Kuhusu ahadi, msimamo ni huu: mgombea hawezi kuahidi namna atakavyoamua kesi fulani, lakini tangu uamuzi wa mahakama hiyohiyo wa mwaka 2002 uliohusu Minnesota hawezi kuzuiwa kutangaza maoni yake juu ya masuala yanayobishaniwa. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyekuwa miongoni mwa watano waliopitisha uamuzi huo, baadaye alisema anaujutia, na alitumia sehemu ya miaka yake ya kustaafu akipinga majaji kuchaguliwa kwa kura za ushindani.

Hadi hapa msomaji anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni kuwaondolea wananchi kura na kumwachia gavana au kamati. Mimi sikubaliani, na sababu ni kwamba fedha za kampeni, kwa ubaya wake wote, hazigusi kiini cha jambo. Kinachomwelemea jaji zaidi ya namna alivyoingia ni kama atalazimika kurudi kwa aliyemwingiza na kuomba abaki.

California inaonyesha hilo vizuri. Rose Bird aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa jimbo hilo mwaka 1977, na katika kila kesi ya hukumu ya kifo iliyofika mbele yake alipiga kura ya kuitengua. Mwaka 1986 jina lake liliwekwa mbele ya wapiga kura pamoja na ya wenzake, na baada ya kampeni kali iliyotumia sura za familia za waliouawa, yeye, Cruz Reynoso na Joseph Grodin wakaondolewa. Miongoni mwa waliochangia kampeni hiyo walikuwamo wafanyabiashara na wakulima wakubwa, ambao mtu hahitaji kuwa mjanja kuhisi kwamba hawakuwa wakifikiria hukumu za kifo tu. Otto Kaus, aliyekuwa jaji wa mahakama hiyohiyo hadi mwaka 1985, alilieleza shinikizo hilo kwa mfano ambao majaji wa Marekani huurudia hadi leo: kuamua kesi nzito wakati uchaguzi unakaribia, alisema, ni kama kuingia bafuni asubuhi kunyoa ndevu na kumkuta mamba kwenye beseni la kuogea. Unajua yupo, unajitahidi usimfikirie, lakini ni vigumu kufikiria kingine wakati unanyoa.

Nani aliyemweka mamba huyo? Huko California hapakuwa na mpinzani wala tiketi ya chama. Palikuwa na swali moja tu, abaki au aondoke, nalo lilitosha. Iowa vivyo hivyo. Mwaka 2009 majaji wote saba wa mahakama yake ya juu waliamua kwa kauli moja kwamba sheria iliyokataza ndoa za watu wa jinsia moja ilikiuka katiba ya jimbo, na mwaka uliofuata watatu kati yao, Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker, ambao muda wao wa kupigiwa kura ulikuwa umefika, wakaondolewa. Wapo wanaodhani kwamba kuwaondoa majaji hao kuliondoa na uamuzi wao. Haikuwa hivyo, uamuzi ulibaki palepale, na wapiga kura walioghadhibika walichofanikiwa kukifikisha ni ujumbe kwa jaji atakayefuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu mahakama za chini za Pennsylvania ulionyesha ujumbe wa aina hiyo unavyopokewa: kadiri siku ya jaji kupigiwa kura ilivyokaribia, ndivyo vifungo alivyotoa vilivyorefuka. Mshtakiwa aliyefikishwa mbele yake mapema katika muhula na yule aliyefikishwa mwishoni hawakupimwa kwa mizani moja.

Na wasidhani walio kwenye mfumo wa uteuzi kwamba wamepona. New Jersey jaji huteuliwa kwanza kwa miaka saba, kisha gavana huamua kama amteue tena, na akimteua hukaa mpaka afikishe miaka 70. Tangu katiba ya mwaka 1947 hakuna gavana aliyekuwa amemnyima jaji wa mahakama hiyo uteuzi wa pili, mpaka Chris Christie alipomnyima John Wallace mwaka 2010. Hakukuwa na matangazo wala mabango, lakini kila jaji aliyebaki bila uteuzi wa pili alipata somo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako hakuna anayependekeza majaji wapigiwe kura, siasa hupita mlango mwingine. Kenya ina Tume ya Utumishi wa Mahakama inayowahoji wagombea wa nafasi za juu mbele ya kamera, utaratibu ambao Wamarekani wengi wangeutamani, na bado mwaka 2019 tume ilipompelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41, alichelewa hadi Juni 2021 ndipo akawateua 34 (mmoja alikuwa ameshafariki) na kuwaacha sita, ambao waliapishwa tu baada ya kuingia kwa rais mwingine mwaka 2022. Tofauti ni kwamba akishateuliwa, jaji wa Kenya harudi kuomba: hukaa hadi umri wa kustaafu wa miaka 70, na Jaji Mkuu hukaa katika wadhifa huo miaka isiyozidi kumi.

Hapo ndipo ninapoona njia ambayo mjadala wa Marekani huikwepa. Mtu anaweza kuwapa wananchi kura na bado akamwachia jaji utulivu, iwapo jaji huyo atachaguliwa mara moja kwa muhula mrefu usiorudiwa. Wananchi wangekuwa na sauti katika kumwingiza, na baada ya hapo asingekuwa na cha kumwomba mtu yeyote, awe mpiga kura, gavana au tajiri mwenye hundi. Kinachopingwa na wengi ni kwamba jaji wa namna hiyo hatawajibika. Lakini bado zipo taratibu za nidhamu na za kumwondoa jaji mla rushwa, na uwajibikaji unaobaki nje ya hizo, ule wa kuadhibiwa kwa hukumu isiyopendwa, sijauona unamsaidia nani isipokuwa yule ambaye tayari ana wengi upande wake.

Mwaka 2024 Carolina Kaskazini ilionyesha tatizo jingine, ambalo hata muhula mmoja usingeliondoa. Allison Riggs alitetea kiti chake katika Mahakama ya Juu ya jimbo na kumshinda Jefferson Griffin kwa kura 734 kati ya zaidi ya milioni tano na nusu. Griffin alitaka kura zaidi ya 60,000 zifutwe, na shauri likapanda hadi kwenye mahakama ileile ambayo kiti chake ndicho kilichokuwa kinagombaniwa, Riggs akijitoa na wenzake wakiachwa waamue nani awe mwenzao. Lilichukua miezi sita, na lilimalizika Mei 2025 baada ya jaji wa shirikisho kuamuru ushindi wa Riggs uthibitishwe na Griffin kukubali.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Ohio, Minnesota au Texas na kupata uraia, yote haya hukutana nao sehemu ya chini ya karatasi ya kura, baada ya rais, seneta na mbunge, mahali ambapo wapiga kura wengi huacha nafasi wazi au huchagua jina wanalohisi wamewahi kulisikia. Kubahatisha huko kuna historia. Mwaka 1976 Texas ilimpeleka Don Yarbrough kwenye Mahakama yake ya Juu, wakili aliyekuwa akiandamwa na kesi, na inaaminika wengi walimpigia wakimdhania ni wa ukoo wa seneta mashuhuri wa zamani, Ralph Yarborough, ambaye hata herufi za jina lake ni tofauti. Alikaa miezi michache mwaka 1977, akajiuzulu, na baadaye akatiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo.

Na Kansas, baada ya zaidi ya miaka 60 ya utaratibu ulioletwa na hasira za mwaka 1958, imelifungua upya shauri lake. Mwaka 2025 bunge la jimbo lilipitisha pendekezo la kuwauliza wapiga kura, Agosti 2026, kama majaji wa Mahakama ya Juu warudi kuchaguliwa moja kwa moja. Wanaounga mkono wanasema kamati ya sasa ya watu tisa, ambamo watano ni mawakili waliochaguliwa na mawakili wenzao, inawapa watu wa fani moja sauti kubwa kuliko wananchi wote. Wanaopinga wananyooshea kidole Wisconsin na dola zake milioni 100. Hoja zote mbili zina ukweli, na zote mbili ni za namna ya kuingia. Katika utaratibu wa sasa jaji wa Kansas hupigiwa kura ya kubaki kila baada ya miaka sita, na hilo, kwa upande wowote kura itakapoangukia, halimpunguzii jaji wa jimbo hilo mzigo wa kurudi kuomba.